Uzi: Mji wa Unguja ulikuwa na maigizo, jumba la maigizo je?

#1 Mleta uzi

Assalaam alaykum wana jukwaa.

Humu suala la jengo la Majestic, ule ukumbi wa zamani wa mtaa wa Vuga hapa mjini Unguja, halifi. Likifufuka maneno huwa ni yale yale: aibu kubwa, Mji Mkongwe umeingia kwenye urithi wa dunia tangu 2000 lakini hauna hata jumba moja la michezo ya kuigiza, wazee wetu walikuwa nalo na sisi tumelipoteza. Nimefungua uzi huu mahsusi kwa sababu hayo maneno ya mwisho hayanikai. Wazee wetu walikuwa na maigizo, tena ya kuvunja mbavu. Jumba la maigizo ni khabari nyengine.

Uzi ni mrefu. Mwenye haraka arudi baada ya isha.

Tuanze na jengo lenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 pale Vuga palijengwa ukumbi ulioitwa Royal. Mchoro ulikuwa wa John Sinclair, yule yule Muingereza aliyetuchorea Mahakama Kuu ya hapo hapo Vuga na baadae jumba la makumbusho la Beit el Amani la Mnazi Mmoja lililofunguliwa 1925. Bwana huyu hakuwa msanifu wa kuajiriwa tu. Alipanda ngazi serikalini mpaka akawa Mkaazi Mkuu, yaani mwakilishi mkuu wa serikali ya Kiingereza, hapa Unguja. Alipenda makuba na matao, akiamini ndiyo sura inayofaa mji wa Kiislamu wa pwani. Sisi tumeyarithi makuba yake na leo watalii wanayapiga picha wakidhani ni ya Sultani.

Kwenye jina la Royal lilikuwemo neno thieta, na hapo ndipo wengi wanapoteleza. Wanasoma thieta wanawaza waigizaji, pazia na mtu anayenong'oneza maneno nyuma ya ukuta. Biashara ya ukumbi ule ilikuwa picha. Filamu zilikuwa zimeshafika kisiwani kabla yake, zikioneshwa kwenye mahema na sehemu za kupanga, na aliyejenga Royal aliona kuna pesa ya kuwaweka watu chini ya paa zuri, kwenye viti, kwa daraja tofauti za tiketi. Picha za kimya kwanza, baadae za sauti, za Kizungu, za Kihindi, na za Kimisri zilizokuwa na nyimbo zake. Kina mama walikuwa na maonesho yao peke yao, zanana, mabuibui yanaingia kwa foleni na mwanamme hakanyagi.

Ukumbi ule uliungua. Ukajengwa upya katikati ya miaka ya 1950, mchoro wa Sinclair ukaondoka, ikaja sura ya kisasa ya wakati ule, na jina ndilo hilo la Majestic tulilonalo. Hali yake ya sasa kila anayepita Vuga anaiona, sina haja ya kuieleza.

Kwa hiyo anaesema "turejeshe jumba letu la tamthilia" anataka kurejesha jumba la sinema. Sipingi kulitengeneza, nataka tu tujue tunachokililia.

Sasa kama maigizo hayakuwa Royal, yalikuwa wapi? Naendelea hapo chini, kwanza nachukua chai.

#2 Mchangiaji (Dar)

Mkuu weka nondo. Huku bara tunajua Zanzibar ni taarab tu, maigizo tunajua Bagamoyo.

#3 Mchangiaji (Unguja)

Mleta uzi usitukawize, hiyo chai si ya mkono mmoja.

#4 Mleta uzi

Nimerudi. Na huyo wa Dar kanifungulia mlango mwenyewe: "taarab tu". Hiyo taarab ndiyo iliyobeba maigizo ya mji huu mgongoni.

Taarab ya mwanzo ilikuwa ya ikulu. Sayyid Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim Misri akajifunze muziki, akarudi na ganuni, ala ya nyuzi. Ikafuata Nadi Ikhwan Safaa mwaka 1905, klabu ya waungwana wa mjini wanaokaa, wanapiga, wanasikiliza kwa heshima. Hapo hamna maigizo. Mtu anatikisa kichwa basi.

Mambo yakageuka alipokuja Siti binti Saad. Mtoto wa Fumba, muuza vyungu, kaingia mjini mnamo 1911 bila ya jina wala ukoo wa kujivunia. Akaimba kwa Kiswahili, akiwa na wenzake kina Subeti bin Ambari, Buda bin Swedi, Mbaruk Talsam na Maalim Shaaban. Mwaka 1928 walikwenda Bombay kurikodi sahani za santuri, na sahani zile zikazagaa pwani nzima. Hayo yanajulikana. Lisilosemwa sana ni kwamba kundi lile lilikuwa pia kundi la waigizaji. Nyimbo zilikuwa na visa vya kweli vya mji: kadhi na hakimu, mwizi mwenye cheo, mwanamme anaepiga mkewe. Kuna wimbo wao juu ya mwanamke mgeni aliyeuawa, muuaji akavuka zake bara, na walioishia korokoroni ni mashahidi wa upande wa marehemu. Wimbo wa namna hiyo hauimbiki mtu ukisimama kama mlingoti. Una watu ndani yake, una sauti ya mshitaki na sauti ya mshitakiwa, na wasikilizaji wa Ng'ambo, mitaa ya nje ya Mji Mkongwe, waliwajua wahusika kwa majina na mitaa.

Na pembeni ya nyimbo kulikuwa na natiki. Vijana wengi humu neno hili hawajawahi kulisikia. Natiki ni mchezo wa kuigiza wa kuchekesha uliokuwa ukichezwa kwenye taarab, hasa kwenye harusi, nyimbo zinapopumzika au usiku unapokuwa mkubwa. Asili yake iko kwa jirani zetu Wahindi na michezo yao ya jukwaani, lakini ilipofika kwetu ikageuzwa ikawa yetu: mume bahili, mke mjanja, mganga wa uongo, Mwarabu wa shamba, mpwa aliyerudi na Kizungu cha kuokota.

Vikundi vya taarab vya wanawake vilipozuka katika miaka ya 1930 na 1940 na kuendelea, vingine vikijiita kwa majina ya kijeshi ya Kiingereza kama Royal Navy na Royal Air Force, natiki ikapata nyumba yake halisi. Kwa sababu hadhira yao ilikuwa wanawake watupu, nafasi za wanaume walizicheza wenyewe. Kanzu, kofia, bakora, na masharubu ya masizi. Wenye waume wakali waliwacheza waume zao, na kila aliyekaa mkekani alijua ni mume wa nani anaechezwa, ingawa jina halikutajwa. Hiyo ndiyo tamthilia ya mji wa Unguja katika zama zake nzuri, na ilifanyika uani, chini ya turubai, kwa taa za karabai. Hakuna msanifu aliyeichorea jengo.

Ongeza ngoma ya beni, na vyeo vyake vya kijeshi, sare, tarumbeta, watu wanaigiza manuwari na maafisa wa Kizungu barabarani mchana kweupe. Mpaka leo beni ya harusi ikipita mtaani mtu anaacha sufuria jikoni.

#5 Mchangiaji (Pemba)

Mleta uzi umeanza vyema lakini Unguja yenu mwaiona ndiyo dunia. Pemba tuna kibati. Ngoma inapigwa kwa kasi, watu wawili wanajibizana maneno papo kwa papo, hayajaandikwa wala kufanyiwa mazoezi, na kiitikio kinapokea. Anaekosa jibu kaaibika mbele ya kijiji. Kama hiyo si tamthilia, nambie tamthilia ni nini. Kirumbizi nacho, fimbo kwa fimbo. Na mchezo wa ng'ombe, ambao watu wanasema tumeachiwa na Wareno.

#6 Mchangiaji (Makunduchi)

Na Mwaka Kogwa, mwaka mpya wetu wa Makunduchi, msiusahau. Kila Julai. Watu wanapigana kwa migomba wakitoleana yote ya mwaka mzima, kibanda kinachomwa moto na mtu ndani anatoka mbio. Wageni wanakuja na kamera kubwa kubwa, sisi tuko kazini.

#7 Mchangiaji (Unguja)

Hapa mnachanganya. Ngoma ni ngoma, mila ni mila, mchezo wa kuigiza ni mchezo wa kuigiza. Mtu anaechoma kibanda Makunduchi haigizi, anaondoa mkosi wa mwaka. Tukianza kuita kila kitu tamthilia hata msiba utakuwa tamthilia.

#8 Mleta uzi

Namba 7 ana hoja na simpuuzi. Mwaka Kogwa mimi mwenyewe naliweka kando. Wanaoufanya hawaufanyi ili watazamwe, na kuuita onesho ni kuwavunjia heshima. Kibati nabaki nacho. Pale kuna wahusika wawili, kuna hadhira inayohukumu, kuna kushinda na kushindwa kwa maneno. Ndugu yetu wa Pemba kapiga mulemule.

Sasa niende kwenye majengo, maana huko ndiko nilikotaka kufika.

Jengo la kwanza ambalo wakoloni walilijenga wakiwa na nia hasa ya "burudani njema" kwa watu wa Ng'ambo ni Raha Leo, miaka ya 1940. Ukumbi, maktaba, na baadae studio za Sauti ya Unguja iliyoanza kurusha matangazo 1951. Fikra yao ilikuwa rahisi: watu wa Ng'ambo wana ngoma nyingi za usiku, kelele nyingi, siasa zinaingia humo humo; wapewe ukumbi wenye milango, mlinzi na saa ya kufunga. Watu wakaukubali ukumbi na kuufanyia yao. Mtu akikupa uwanja hakuchagulii ngoma.

Lakini tazama kilichotokea. Ndani ya jengo moja kulikuwa na ukumbi na redio, na redio ndiyo iliyoshinda. Mchezo wa kuigiza wa redioni hauhitaji nguo, hauhitaji masharubu ya masizi, na mwanamke aliyekatazwa kutoka usiku anausikiliza akiwa jikoni kwake. Sauti ya mlango, ya kuku, ya kikohozi cha mzee, mtu anaona kila kitu kichwani. Kwa Pemba nzima na mashamba yote ya Unguja jukwaa likawa sanduku la betri. Naamini hii ndiyo sababu moja kubwa ya kwa nini mji haukupigania jumba: maigizo yalikuwa yanakuja nyumbani.

Kisha Januari 12, 1964. Raha Leo ikawa makao ya Mapinduzi, silaha na watu wakakusanyika pale, na matangazo yaliyoitikisa nchi yakatokea kwenye studio zile zile. Baada ya siku hizo hakuna aliyeitaja Raha Leo akimaanisha ukumbi wa starehe.

Serikali mpya haikuwa adui wa sanaa, hilo lisemwe kwa haki. Kikundi cha taarab kilichoanza 1958 chini ya vijana wa Afro-Shirazi kikaingizwa kwenye wizara na ndicho tunachokijua leo kama Culture Musical Club, na makao yake yako Vuga hiyo hiyo, hatua chache kutoka Majestic. Ikhwan Safaa nayo ikapitia majina na miongozo. Wasanii wakapata mshahara na ala. Walichopoteza ni ile ruhusa ya kumcheka mtu mkubwa. Natiki inaishi kwa kumcheka mwenye cheo, na ukishakuwa mwajiriwa wa mwenye cheo, unacheka nini? Michezo ikawa ya mafunzo: usafi, kisomo cha watu wazima, kilimo cha kufa na kupona. Ipo iliyokuwa mizuri. Mingi ulikuwa unaujua mwisho wake kabla ya pazia kufunguliwa.

Ikaja Televisheni Zanzibar mwanzoni mwa miaka ya 1970, tena ya rangi, wakati bara walisubiri hadi 1994 kupata kituo cha televisheni chao. Waigizaji wetu wakahamia huko. Mtu aliyekuwa anachekesha watu mia uani sasa anachekesha visiwa viwili kwa usiku mmoja. Nani angerudi uani?

#9 Mchangiaji (Mombasa)

Huku kwetu Kenya twajivunia National Theatre ya Nairobi, yafunguliwa 1952. Lakini ilijengwa kwa Wazungu na mambo yao. Waafrika kuingia na tamthilia zao ilikuwa vita hata baada ya uhuru. Kwa hivyo jengo nalo si dawa.

#10 Mchangiaji (Dar)

Mkuu swali. Mbona waandishi wa tamthilia wa Kizanzibari tunawasoma sana skonga? Said Ahmed Mohamed tulimsoma A-level, Kivuli Kinaishi. Hizo zilichezwa wapi huko kwenu?

#11 Mleta uzi

Swali zuri, na jibu lake linaniuma.

Said Ahmed Mohamed ni wa Pemba, kazaliwa 1947. Farouk Topan ni mtoto wa Unguja, na Aliyeonja Pepo yake ilitoka mapema miaka ya 1970. Hawa ni vigogo wa tamthilia ya Kiswahili, hakuna ubishi. Lakini maisha ya vitabu vyao yamekuwa kwenye mitaala na kwenye vyuo vikuu vya nje ya visiwa: Dar es Salaam, Nairobi, Ulaya. Wanafunzi wanazichambua wahusika, dhamira, mandhari, mtihani unakuja, kitabu kinafungwa. Hapa kwetu mtoto wa skuli anaweza kukutajia sifa tano za mhusika mkuu bila ya kuwahi kumuona mhusika huyo akisimama mbele yake akazungumza.

Na tazama tofauti. Hadhira ya natiki nyingi hawakujua kusoma, na tamthilia walikuwa nayo. Sasa tuna hadhira inayosoma, na mchezo wenyewe hawajauona.

Sababu moja ni uchumi. Mchezo wa kuigiza unataka watu kumi wafanye mazoezi wiki kadhaa kwa ajili ya usiku mmoja au miwili. Taarab inataka mazoezi pia, lakini kundi likishajua nyimbo linaalikwa harusi baada ya harusi, na tunzo zinaingia papo hapo. Tena tunzo yenyewe ni mchezo. Mwanamke ananyanyuka na noti mkononi, anatembea polepole mpaka jukwaani kwenye ubeti anaoutaka, anageuka anamtazama anaemkusudia, ukumbi mzima unajua. Tangu East African Melody na wenzao walipoleta mipasho miaka ya 1990, mwigizaji mkuu amekuwa mtazamaji. Sasa mtu aliyezoea kuwa ndani ya mchezo utamkalisha kitini kimya saa mbili gizani, akitazama watu wengine wanagombana?

#12 Mchangiaji (Unguja)

Hahaha, hapo umemaliza. Mimi shangazi yangu angekuwa kapanda jukwaani kwenye onesho la pili.

#13 Mchangiaji (Unguja)

Mleta uzi umeruka Ngome Kongwe. Pale pana jukwaa, pana ngazi za kukalia, pana taa. Tamasha la filamu la ZIFF wanafanyia pale, la muziki la Sauti za Busara wanafanyia pale. Hilo si jumba la maonesho? Au kwa kuwa limejaa wageni halihesabiki?

#14 Mleta uzi

Sikuliruka, nilikuwa naliendea. Ngome Kongwe ndiyo jengo lililobadilishwa kazi kuliko yote mjini. Waomani waliimaliza mwaka 1701 au karibu na hapo, juu ya kiwanja cha kanisa la Wareno waliowatimua. Karne ya 19 ikawa gereza. Mwanzoni mwa karne ya 20 ikawa karakana ya reli ya Bububu. Mwaka 1949 ikawa klabu ya wanawake, wakicheza tenisi ndani ya kuta za ngome. Baada ya 1964 ikalala. Miaka ya 1990 ikaamshwa, likajengwa lile jukwaa la wazi la nusu duara. Tamasha la Nchi za Jahazi, yaani ZIFF, likaanza mwishoni mwa miaka hiyo, na Sauti za Busara mwaka 2004.

Wanahesabika, kwa nini wasihesabike? Wametuletea mafundi wa taa na sauti ambao kabla ya hapo walikuwa wanaagizwa kutoka bara. Vijana wetu wamejifunza kazi pale. Lakini ukitaka kujua kama jukwaa la wazi linafaa kuwa jumba la tamthilia la mji, usitazame usiku wa tamasha. Tazama kalenda. Busara ni Februari, kaskazi, mvua hakuna. ZIFF imezoeleka katikati ya mwaka, masika yamekwisha, kipupwe, upepo wa kusi. Matamasha yenyewe yanakwepa mvua. Kundi la maigizo la mtaani linalotaka kuonesha kila mwisho wa wiki litafanya nini Aprili, mvua inapokuja kama imetumwa? Na Forodhani iko mbele ya mlango, wauza zanzibar pizza, muziki wa mikahawa, pikipiki. Mpiga gambusi mwenye spika anaweza kushindana na hayo. Mwigizaji anaenong'ona siri ya mumewe hawezi.

Halafu pale mpangaji wa usiku wa kawaida ni ngoma kwa ajili ya wageni baada ya chakula. Sikatai, wapigangoma wana watoto wa kulisha. Lakini mchezo wa Kiswahili wenye mafumbo ya Kiunguja hauwezi kuuzwa kwa mtu aliyeshuka kwenye ndege asubuhi.

#15 Mchangiaji (Pemba)

Na sisi wa Chake na Wete tutakuja na boti kuangalia mchezo Vuga, turudi saa ngapi? Mkijenga jengeni na kwetu.

#16 Mchangiaji (Unguja)

Sasa wewe mleta uzi unataka nini hasa? Majestic litengenezwe au lisitengenezwe? Umetuzungusha kutoka Barghash mpaka zanzibar pizza.

#17 Mleta uzi

Haya, nijibu bila ya kuzunguka.

Litengenezwe. Lakini kabla ya kuzungumzia rangi ya ukuta wa mbele, wenye michoro wajibu maswali ya watu wanaocheza. Ukumbi uliochorwa kwa ajili ya sinema una kasoro zake kwa waigizaji: ukuta wa mbele ni wa pazia la picha, mbele yake pamebaki ukanda mwembamba, pembeni hamna pa kusubiri zamu, nyuma hamna chumba cha kubadilishia nguo, na cha wanawake peke yao ndiyo kabisa. Viti vimepangwa kwa macho yanayotazama juu kwenye picha kubwa, hayatazami chini kwenye miguu ya mtu. Juu hamna pa kuning'iniza taa. Mambo hayo yakiamuliwa baada ya paa kufungwa, mtakuwa mmetengeneza ukumbi wa mikutano na semina, na tunazo za kutosha.

La pili, kima cha viti. Mji huu ukumbi wa viti mia mbili unaojaa kila Ijumaa usiku una faida kuliko wa mia saba unaofunguliwa waziri akija.

La tatu ndilo ninaloligombania zaidi. Msianze na tamthilia ya vitabu. Waandishi wetu nawaheshimu na zamu yao itafika. Anzeni na natiki. Bado wapo bibi zetu walioicheza au waliokuwa watoto mkekani wakiitazama. Watafuteni wasimulie, si kwa ajili ya makumbusho, kwa ajili ya kuichukua ile namna yao ya kuifanya: mchezo mfupi, nyimbo zinaingia na kutoka, kisa cha mtaa kilichotokea mwezi huu, na hadhira ina haki ya kujibu. Pawepo usiku wa wanawake peke yao, kama zilivyokuwa zanana. Mkifanya hivyo shangazi wa namba 12 atalipa kiingilio na atakuja na wenzake kumi.

Na Pemba wana haki. Kwao lisijengwe jengo jipya hata kidogo kabla ya kuuliza wacheza kibati wanataka kukaa vipi. Kibati kinataka duara. Ukiwapandisha jukwaani wakitazama upande mmoja umekiua.

#18 Mchangiaji (Unguja)

Na BASSFU, lile baraza la sanaa na sensa ya filamu? Hicho kisa cha mtaa kilichotokea mwezi huu kitapitishwa na nani?

#19 Mleta uzi

Nilikuwa nangoja nani ataliuliza. Filamu na sanaa visiwani zina baraza lake la kuzisimamia, na mchezo unaoandikwa wote unaweza kupelekwa ukasomwa. Natiki haikuandikwa. Iliamuliwa jikoni alasiri na kuchezwa usiku. Hapo ndipo patakapokuwa na mvutano wa kweli, kuliko huo wa paa na rangi. Wakoloni waliwapa Ng'ambo ukumbi wenye saa ya kufunga, waliofuata wakaupa ukumbi somo la kufundisha. Sijaona bado aliyeutoa ukumbi akanyamaza.

#20 Mchangiaji (Dar)

Mkuu heshima yako. Hiyo natiki kuna popote imerikodiwa hata sauti tu?

#21 Mchangiaji (Unguja)

Bibi yangu yupo Kikwajuni, kumbukumbu zake ziko sawa sawa kuliko zangu. Nimemsomea uzi huu kasema mmeipunguza chumvi, na hayo masharubu yalikuwa ya wanja, si ya masizi. Mleta uzi angalia ujumbe wa ndani, nimekupa siku ya kuja. Njoo na simu yenye nafasi, akianza hasimami.